Shingo Inauma, Pumzi Inakata, Simu Haiachiki: Utatuzi wa Matatizo kwa Anayeshinda Mtandaoni

Usinyooke kwanza. Baki hivyo hivyo ulivyo unaposoma mstari huu, kisha jikague kuanzia juu kushuka chini. Meno yamebanana? Mabega yako mahali pake, au yamepanda karibu na masikio? Tumbo umelikaza? Na la muhimu kuliko yote hayo: pumzi inaingia na kutoka, au imesimama ikisubiri umalize sentensi?

Kazi yangu ni mazoezi tiba, hapa Arusha, na swali hilo la mwisho ndilo linalowashangaza wengi. Wanaokuja siku hizi si wabeba mizigo peke yao. Ni dada wa ofisi ya utalii anayejibu imeili za wageni kutwa nzima, wakala wa miamala kwenye kibanda chake pale soko la Kilombero, kijana wa bodaboda anayesubiri oda kijiweni huku kidevu kimegusa kifua, mwanafunzi wa Chuo cha Ushirika Moshi anayesoma notisi za kozi nzima kwenye kioo cha upana wa kiganja. Wengi wao wameshanunua kitu kabla hatujaonana: mto mpya, miwani ya "kuzuia mionzi", mafuta ya kuchua. Maumivu yamebaki palepale.

Yamebaki kwa sababu mkao mbaya hauanzii kwenye kiti. Unaanza pale akili yote inapohamia ndani ya kioo na mwili ukaachwa bila mwenyewe. Pumzi husimama kwanza, mabega hupanda, kisha kichwa hufuata mbele. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini tutatafuta chanzo kwa utaratibu huo: pumzi, halafu mwili, halafu kifaa. Anayeanza na kifaa hutumia fedha nyingi na kurudi alikotoka.

Dalili: shingo na mabega vinauma, zaidi kuanzia alasiri

Uliza kwanza yanaanza saa ngapi. Maumivu yanayokupokea asubuhi unapofumbua macho yana uhusiano zaidi na ulivyolala au na baridi. Yale yanayokua kadiri siku inavyosogea, na kupungua siku usiyoshika simu sana, yametokana na unavyokaa na unavyopumua.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 na nusu hadi 5 na nusu. Kikikaa sawasawa juu ya uti wa mgongo, mifupa ndiyo inayobeba. Kikitangulia mbele, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokizuia kisianguke. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa mgongo huko New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu ya mzigo huo: kichwa kikiinama nyuzi 60, kama tunavyoinamia simu iliyo mapajani, shingo hubeba nguvu inayolingana na kilo 27 hivi. Hiyo ni debe moja na nusu la mahindi. Ni hesabu ya kielelezo, si kipimo kilichochukuliwa ndani ya shingo za watu, na sipendi inavyotumiwa kuwatisha vijana. Shingo yenye afya imeumbwa iiname. Haikuumbwa iiname saa nzima bila kubadilishiwa.

Lakini uzito peke yake haumalizi maelezo. Naona watu wenye viti vizuri, kompyuta zimeinuliwa mpaka usawa wa macho, na bado shingo haigeuki. Watazame wakiandika. Kifua cha juu kinapanda na kushuka, mtulinga unajitokeza, tumbo limetulia tuli. Kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kinatakiwa kushuka ili hewa iingie. Mtu akijikunja, tumbo linabanwa na kiwambo kinakosa pa kushukia. Mwili haukubali kukosa hewa, hivyo unaomba msaada kwa misuli ya pembeni ya shingo iziinue mbavu za juu. Misuli hiyo iliwekwa kwa ajili ya shida ya muda mfupi, kama kupanda mteremko mkali. Piga hesabu: ukipumua mara 15 kwa dakika, kazi ya saa 8 ina pumzi 7,200. Kama zote zinainuliwa na shingo, utalala vipi usiku bila maumivu?

Jipime. Weka kiganja kimoja kifuani chini kidogo ya koo, kingine tumboni juu ya kitovu, uendelee kusoma kwa dakika moja bila kubadilisha chochote. Kiganja cha juu kikisogea zaidi ya cha chini, umeshajua.

Kurekebisha, usianze kwa kuvuta hewa. Anza kwa kuitoa. Toa taratibu kupitia puani au kwa midomo iliyoachana kidogo, mpaka tumbo liingie lenyewe, subiri kidogo, kisha iache hewa irudi bila kuivuta. Itashuka chini yenyewe. Rudia mara 5 au 6. Baada ya hapo ndipo ukae vizuri: sogea mpaka uhisi ile mifupa miwili ya makalio imekanyaga kiti, miguu yote sakafuni, kidevu kirudi nyuma kwa unene wa kidole bila kuinuka. Basi. Mtu akiambiwa "kaa wima" husukuma kifua mbele na kuukaza mgongo. Baada ya dakika chache amechoka na amejikunja zaidi ya mwanzo. Mkao unaufaa mwili kama pumzi inapita ndani yake bila kupigana. Mimi sitafuti nyuzi wala vipimo vingine, natafuta hilo.

Kifaa sasa. Simu ipande, si kichwa kishuke: kiwiko cha mkono ulioshika simu kiegemee mbavu au kiganja cha mkono wa pili. Laptopu iwekwe juu ya kreti la soda au vitabu, na kibodi ya pembeni iwe chini. Bila kibodi ya pembeni, kuinua laptopu kunahamishia maumivu kwenye mabega tu.

Kuna vyanzo viwili ambavyo watu huvipita. Cha kwanza ni macho. Kuanzia miaka 40 hivi, jicho hupoteza uwezo wa kuona karibu, na mwenyewe huwa wa mwisho kukubali. Mama mmoja alikuja na shingo iliyokakamaa upande mmoja. Nilimwamkia, akaketi, nikamwomba anisomee meseji yoyote kwenye simu yake. Akaunyoosha mkono wote, kidevu juu, macho yamekunjwa. "Shikamoo tena mama," nikamwambia, "shingo hii inatafuta miwani." Miwani ya kusomea baada ya kupimwa macho ilifanya kazi ambayo mikono yangu isingeifanya. Na ukiwa na miwani yenye sehemu mbili, ya mbali juu na ya karibu chini, shusha kompyuta kidogo, la sivyo utainua kidevu kutwa kutafuta ile sehemu ya chini.

Cha pili ni baridi. Kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 8 Arusha inakuwa na baridi la kuingia mifupani, hasa ofisi zisizopata jua. Mabega hupanda kuilinda shingo na hukaa huko kutwa. Kitenge au skafu shingoni kitasaidia kuliko zoezi lolote nitakalokufundisha.

Dalili: kifua kimebana, unahema au unapiga miayo ukiwa umekaa tu

Wengine huusingizia mwinuko. Arusha mjini iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini iko chini zaidi. Aliyeshuka basi jana kutoka Dar es Salaam anaweza kuzihisi ngazi za ghorofa. Aliyekulia Sakina, hapahapa mjini, hawezi kuulaumu mwinuko kwa kuhema kwenye kochi.

Hapa kuna sababu mbili zinazofanana kwa nje, na dawa ya moja haiifai nyingine. Kwa hiyo tenganisha kwanza.

Sababu ya kwanza ni kubana pumzi. Mwaka 2008 Mmarekani Linda Stone, aliyewahi kufanya kazi Apple na Microsoft, aliandika kwamba alijikuta anazuia pumzi kila anapofungua barua pepe, akaanza kuwaangalia wenzake na kuona wengi wanafanya vivyo hivyo. Ukitaka kuliona kwa macho, mtazame wakala anapoingiza namba ya mteja: tangu tarakimu ya kwanza mpaka ujumbe wa "umetuma" haijaingia hewa. Ana haki ya kuogopa, akikosea tarakimu moja fedha zimekwenda. Lakini anafanya hivyo kwa kila mteja mpaka jioni. Dalili yake ni kushusha pumzi ndefu kila baada ya muda, miayo isiyo ya usingizi, na uchovu usiolingana na kazi uliyofanya.

Dawa ya hii ni kuipa pumzi mahali pa kurudia. Mtandao wetu wenyewe umetupa mahali hapo: kile kiduara kinachozunguka ukurasa unapofunguka. Ndipo hasa watu wanapobana pumzi, na kukasirika juu yake. Kubaliana na nafsi yako kwamba kiduara kikitokea, unatoa hewa taratibu na kuyaachia mabega. Kadiri mtandao unavyokuwa mzito, ndivyo utakavyopata nafasi nyingi. Wakala afanye hivyo kabla ya kubonyeza namba ya siri. Sekunde 3 hizo pia humpa nafasi ya kusoma jina la mpokeaji, na hilo peke yake lina faida ya fedha.

Sababu ya pili ni kinyume: kupumua kupita kiasi. Huja unapobishana kwenye grupu la ukoo, unaposoma maneno ya watu wanaomshambulia unayempenda, unaposubiri timu ya mwisho kwenye mkeka wa kubeti. Pumzi inakuwa ya haraka na ya juujuu, hewa ya ukaa inatolewa nyingi kuliko inavyotakiwa, na mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo husinyaa kidogo. Ndipo unapohisi kizunguzungu, midomo na ncha za vidole vinachonyota, kifua kinabana, na unaamini kabisa kwamba huna hewa. Hewa unayo, tena ya ziada. Ndiyo maana yule anayekwambia "vuta pumzi ndefu, vuta tena" anakuzidishia tatizo, japo nia yake ni njema.

Unachohitaji ni pumzi ndogo na ya polepole. Vuta puani ukihesabu hadi 4, toa ukihesabu hadi 6. Hiyo ni sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika, wakati kawaida ya mtu mzima aliyetulia ni kati ya 12 na 20. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta kwa sababu moyo hupunguza mwendo unapotoa hewa. Huna haja ya kuniamini: shika mapigo kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, upumue hivyo kwa dakika 2. Watu wengi huyahisi yakipungua kasi wakati wa kutoa na kuongezeka wakati wa kuvuta.

Kuna anayehesabu akazidi kuwa na wasiwasi. Huyo aache kuhesabu aimbe kwa mdomo uliofumbwa. Mwanakwaya anajua tayari, mstari mrefu wa wimbo hauimbiki bila kuitoa hewa kwa mpango.

Naulizwa pia kama mambo haya ya pumzi ni ibada za kigeni. Swali ni la heshima na linastahili jibu la heshima. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Italia na wenzake walichapisha kwenye jarida la kitabibu la BMJ walichokiona kwa watu wazima 23 wenye afya: waliposali Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini, nusu ikisemwa na kiongozi na nusu na mwitikiaji, pumzi zao zilishuka mpaka karibu 6 kwa dakika. Bibi anayesali rozari bila haraka huko Kibosho amekuwa akiifanya kazi hii maisha yake yote. Msomaji wa Kurani anayeifikisha aya ndefu kwa pumzi moja naye anairefusha pumzi ya kutoka. Tumia njia ya imani yako. Mapafu ni yaleyale.

Jambo moja zaidi kabla ya kuondoka hapa. Kama pua imeziba, hakuna zoezi litakalofanya kazi. Kiangazi vumbi la barabara za mitaani linaziba pua za watu wengi, na wao huzoea kupumua kwa mdomo wakidhani ndivyo walivyo. Safisha pua kwa maji ya chumvi kidogo yaliyochemshwa yakapoa, jioni baada ya kutoka barabarani, ndipo uanze mazoezi.

Dalili: kichwa kinauma na kuwa kizito usiku ukiwa na simu

Mara nyingi ni shingo au macho. Lakini nakuomba uulize swali moja kwanza, hasa miezi ya baridi: kuna jiko la mkaa ndani? Watu hufunga madirisha, huingiza jiko chumbani kujipasha joto, na kukaa chini ya blanketi wakiperuzi. Mkaa unaoungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayochukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi mzito ndizo dalili zake za mwanzo, na zinafanana kabisa na uchovu wa simu. Alama mbili zinaitofautisha: wenzako wa chumba kimoja nao vichwa vinawauma, na ukitoka nje unapata nafuu. Ukiona hivyo, wote tokeni nje sasa hivi, jiko litolewe, na aliyechanganyikiwa au kuzimia apelekwe hospitali. Hii inaua watu wakiwa wamelala. Hakuna mkao wala pumzi ya kuisaidia.

Dalili: macho yanawasha, yanakauka, yanaona ukungu

Tunapotazama kioo tunapepesa macho chini ya nusu ya kawaida yetu, na tukipepesa kope hazifungi mpaka mwisho. Machozi yanakauka. Feni inayopuliza usoni na vumbi humalizia kazi. Funga macho kabisa, polepole, mara 10, kila unapomaliza kusoma kitu. Kisha fuata kanuni ya daktari wa macho wa Marekani, Jeff Anshel: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Ofisi nyingi za Arusha zina dirisha linaloonyesha Meru, na Moshi kukiwa hakuna mawingu Kibo iko pale. Umbali huo unatosha na kubaki.

Miwani ya kuzuia mwanga wa buluu sikushauri uinunue kwa ajili ya uchovu wa macho. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, ya mwaka 2023 hayakuona kwamba inasaidia zaidi ya miwani ya kawaida. Fedha hiyo ipeleke kwenye kupima macho.

Dalili: ganzi vidoleni, dole gumba linauma

Angalia ni vidole vipi. Kidole kidogo na cha pembeni yake: neva inabanwa kwenye kiwiko, kwa sababu unalala na simu mkono umekunjwa au unaegemeza kiwiko kwenye meza ngumu. Nyoosha mkono, badilisha upande. Dole gumba, cha shahada na cha kati: neva inabanwa kwenye kifundo cha mkono, kiweke kifundo sawa unapoandika, kisipinde juu. Maumivu kwenye shina la dole gumba upande wa kifundo ni kano zilizochoka, tatizo alilolieleza daktari wa Uswisi Fritz de Quervain mwaka 1895, kabla ya simu hizi. Zamani tuliliona zaidi kwa akina mama wenye watoto wachanga kwa sababu ya kumwinua mtoto. Sasa mama huyohuyo anauza nguo kwenye status, mtoto mkono mmoja, simu mkono wa pili. Atume sauti badala ya kuandika, aandike kwa vidole vya mikono miwili simu ikiwa mezani, na mtoto amwinue kwa viganja vilivyo chini ya makalio badala ya kumkamata kwapani kwa dole gumba.

Dalili: mgongo wa chini

Vibanda vingi vina stuli ndefu na miguu inaning'inia. Weka kreti chini ya miguu, na simama kila mteja wa tatu au wa nne. Hakuna kiti, hata cha gharama, kinachostahili kukaliwa saa nzima mfululizo.

Dalili: mkono unaifuata simu wenyewe

Umefungua simu kuangalia saa. Dakika 20 baadaye umejua harusi ya mtu usiyemjua, na saa hukuiona. Hii watu hawaileti kwangu kama ugonjwa, lakini naiona chini ya karibu kila shingo ninayoishika, ndiyo maana sitaipita haraka.

Tafuta kilichotangulia mkono. Chunguza mara chache zijazo na utaona karibu kila mara kuna nafasi ndogo: haisi haijajaa, maji hayajachemka, mazungumzo yameishiwa. Au kuna hisia: deni umelikumbuka, upweke, aibu ya kazi ambayo hujaianza. Simu inaziba nafasi hiyo kabla hujajua ilikuwa na nini ndani. Simlaumu anayefanya hivyo, nafasi nyingine zina uchungu kweli. Lakini isipojulikana haitibiki.

Zoezi ni dogo. Simu ikiwa mkononi na kioo bado kimezimwa, toa pumzi moja kamili na ujiambie kwa maneno: nimekuja kufanya nini? "Kumjibu kaka." "Kuangalia bei ya parachichi." Ukikosa jibu, unaruhusiwa kuendelea, ila uendelee ukijua. Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam aliyefariki mwaka 2022, aliwazoesha wanafunzi wake huko Plum Village, Ufaransa, kwamba simu ikilia mtu asiirukie. Apumue kwanza, asikie anapumua, ndipo apokee. Jaribu na simu ya mteja msumbufu, utaona sauti yako inatoka tofauti.

Zoezi likikushinda, kagua mambo haya. Labda unajaribu siku nzima kwa pamoja. Chagua mahali pamoja tu, kwa mfano ndani ya haisi kutoka Ngaramtoni hadi mjini, na pengine pote uishi kama kawaida. Labda arifa zinakuita: zima za magrupu yote, acha za watu wanaoweza kukuhitaji kwa dharura. Labda unajigombeza kila unapojikuta umepotelea humo. Acha hilo, kwa sababu ule wakati unapogutuka na kusema "kumbe niko hapa" ndio zoezi lenyewe likifanikiwa. Gutuka, hisi nyayo chini, toa pumzi, amua.

Na meseji mbaya inapoingia, ya bosi au ya mtu mnayegombana, kuna njia ya haraka: vuta puani, ongeza kidogo juu yake bila kutoa, halafu toa polepole kwa mdomo mpaka iishe. Mara 2 au 3. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2023 waliwapa watu dakika 5 za pumzi hiyo kila siku kwa mwezi mmoja, na hali yao ya hisia iliimarika zaidi ya wenzao waliotafakari kwa kukaa kimya. Jibu uandike baada ya hapo.

Dalili: usingizi hauji, au unakatika

Kwa watu wa utalii chanzo kinajulikana. Mgeni wa California anapofika kazini saa 3 asubuhi, Arusha ni saa 1 au saa 2 usiku kutegemea msimu. Anapofunga ofisi jioni yake, huku ni alfajiri ya giza. Ukilala na simu pembeni, utafanya kazi kwa saa za nchi mbili. Mwanga wa kioo ni sehemu ndogo ya tatizo. Kubwa ni kwamba kila imeili inakuamsha kama mtu wa zamu. Waandikie wageni wazi chini ya imeili zako saa za kujibiwa, kwa saa zao wao. Wageni huelewa hilo kuliko mabosi wetu wanavyodhani. Simu ilale chumba kingine au angalau mbali na mkono, na kengele ya kuamka inunuliwe ya kawaida. Ukiamka usiku, usiangalie saa. Pumua 4 kwa 6 ukiwa umelala chali, viganja tumboni.

Umejaribu na hali haijatulia

Maumivu ya misuli yaliyotokana na mkao huanza kulegea ndani ya wiki 2 au 3 za kubadilika kweli. Yasipolegea, nenda ukapimwe. Na kuna dalili ambazo hazisubiri wiki wala mazoezi: maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, pamoja na jasho au kichefuchefu, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuisikia, mkono au mguu kupoteza nguvu, uso kupinda upande, kushindwa kuzuia mkojo au ganzi kati ya mapaja, mguu mmoja kuvimba na kuuma baada ya kukaa muda mrefu, kuhema ukiwa umepumzika ambako hakutulii kwa pumzi za polepole. Hizo ni za hospitali mara moja, Mount Meru kwa walio Arusha, Mawenzi au KCMC kwa walio Moshi. Kikohozi kilichozidi wiki 2 nacho kakipime kifua kikuu, hata kama umeshajishawishi kuwa ni vumbi.

Ukifika, mweleze daktari unakaa mtandaoni saa ngapi kwa siku, kwa kazi gani, na maumivu huanza saa ngapi. Kisha toa simu, ishike kama unavyoishika nyumbani, na umwache aangalie.